Magoti ya Bibi Skolastika

Simu ililia Deokim akiwa amechuchumaa uani, akigeuza pilipili nyekundu zilizoanikwa juu ya turubai. Aliyepiga alikuwa wifi yake wa mjini Andong, Korea, ambako mama mkwe alikuwa amekwenda kusalimia.

"Mama hajaamka," wifi alisema. "Nimempelekea uji nikamkuta ameshaondoka. Rozari iko mkononi."

Deokim alifanya ishara ya msalaba. Kisha, bila kujua kwa nini, akatazama juu. Mawingu yalikuwa ya kigeugeu, na wa kumuuliza kama mvua itanyesha hakuwapo tena.

Maana kijiji kizima kilianika pilipili kwa kufuata magoti ya mama mkwe wake huyo, Bibi Skolastika. Baridi yabisi ilimwingia ujanani, ikampinda vidole, lakini ikamwachia kipaji: mvua ikikaribia, magoti yote mawili yalimuuma. Akitoka misani akichechemea, wanawake walimngoja mlangoni. "Bibi, tuanue?" "Anueni." Na mvua ilinyesha. Utabiri wa televisheni waliusikiliza kwa adabu tu.

Mara moja tu mvua ilikataa. Mguu ulimuuma, akatangaza mvua, watu wakaanua na kujaza pilipili hadi vyumba vya kulala. Kesho yake jua likawaka. Kesho kutwa likawaka zaidi. Jirani yao Mama Chilgu akaja macho mekundu.

"Skolastika, mume wangu kapiga chafya usiku kucha kwa ajili yako. Mitambo imeharibika?"

"Mwache apige. Si ulisema siku hizi haongei?"

Walicheka wote. Lakini jioni Skolastika alimwita mkwewe Deokim, akanyoosha miguu sakafuni.

"Mama Inho, shika hapa. Haya, shika na huu."

Mguu wa kushoto, chini ya goti, ulikuwa umevimba na una moto.

"Si baridi yabisi hiyo, Mama? Nitakubandika plasta ya dawa."

"Baridi yabisi nimeishi nayo miaka mingi kuliko nilivyoishi na baba mkwe wako, na tabia yake ni nzuri kuliko ya yule mzee, Mungu amrehemu. Inashika magoti yote mawili. Inasumbua asubuhi, nikilala kwenye sakafu iliyopashwa moto inatulia. Hii imeshika mguu mmoja, tena si gotini, na joto linaizidisha. Huyu ni mgeni, na hakupiga hodi. Nipeleke kwa daktari."

Gyusik, mume wa Deokim, ndiyo kwanza alikuwa anatoka shambani. "Mama, tumalize kuvuna kwanza. Wiki ijayo."

"Wewe kaa na pilipili zako. Mimi na mkeo tunakwenda."

Deokim alimtazama mume, akamtazama mama, akachukua ufunguo wa gari.

Hospitalini daktari kijana aliona vile vidole, akatabasamu. "Bibi, baridi yabisi ya siku nyingi hii."

"Hiyo nimekuja nayo, mwanangu, lakini siyo iliyonileta. Tazama mguu."

Akautazama, akaupima kwa mashine, tabasamu likamwisha. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa. Bonge lile lingekatika na kupanda hadi mapafuni, alisema, wangekuwa wanaongea habari nyingine. Skolastika alilazwa siku ile ile, na Deokim akaketi pembeni akisali.

Mgonjwa mwenyewe alituma salamu nyumbani: "Mwambieni Mama Chilgu mitambo ni mizima. Aliyekosea ni mtangazaji."

Akapona, akaendelea kuanulisha watu pilipili. Akamwona mjukuu wake Inho akioa, akacheza arusini kwa mabega, kwa kuwa magoti yalikuwa yanasema mvua. Nayo ilinyesha.

Siku chache baada ya ile simu ya wifi, walimzika kilimani, kando ya mumewe. Njiani Mama Chilgu alimnong'oneza Deokim, "Umeanua?"

"Sikuanua. Wewe?"

"Ningemuuliza nani?"

Padre alinyunyiza maji ya baraka. Wanawake waliimba sala ya marehemu upande mmoja, wanaume wakaitikia upande wa pili. Gyusik alitupa udongo kwanza, kisha Deokim, kisha Mama Chilgu. Wanaume walipokuwa wakiukanyaga udongo ushikamane, manyunyu yakaanza. Hakuna aliyekimbilia pilipili. Walimaliza sala, wakasujudu mara mbili mbele ya kaburi kama ilivyo desturi yao, wakashuka wakiwa wamelowa.