Laptopu Zilizolazwa kwa Taulo

Tangu azaliwe pale Daet, mji mdogo wa Ufilipino, Ludivina Oropesa, au Vina kwa kifupi, hajawahi kusifiwa kwa upole. Sasa ana miaka arobaini na minne na kazi yake ni moja tu: kila faili linalotengenezwa na watu thelathini na mmoja wanaofanyia kazi majumbani kwao mjini humo liwe na nakala kwenye seva ya ofisi huko Manila. Watu hao huchora picha za vitabu vya shule, mioyo ya vyura, mizizi ya mpunga, mifupa ya sikio. Laptopu ikifa, kazi inabaki. Angalau ndivyo mkataba unavyosema.

Lakini Daet ina mambo yake. Jioni ikiingia, watu huchomoa kila kitu ukutani, feni, televisheni na laptopu, kisha laptopu wanaizima na kuifunika taulo ipumzike. Wanasema mashine iliyochoka na joto ikipigwa na baridi ya usiku inaugua kama mtu. Na aliyewafundisha ni nani? Badong, baba mzazi wa Vina, aliyetengeneza televisheni za mji mzima kwa miaka thelathini na hakuondoka nyumbani kwa mteja bila kuacha usia huo. Ofisi nayo, kwa akili zake za Manila, ilipanga nakala zichukuliwe saa sita usiku ili mchana mtandao usiwe mzito. Basi kila saa sita usiku seva ilikuwa ikibisha hodi, na hakuna wa kuitikia.

Ubaya zaidi ni kwamba ripoti ya ofisi iliipaka kijani mashine yoyote iliyowahi kunakiliwa, hata kama ni mara moja. Haikuuliza lini. Vina aliiamini kijani ile, na kila baada ya miezi mitatu akasaini karatasi ya mteja wao, mchapishaji wa vitabu hivyo, kwamba nakala zote zipo. Kisha paa la Isidra Balmes likavuja.

Isidra ni mchoraji wa miaka sitini na mmoja. Maji yaliingia kwenye laptopu yake usiku kucha, ikiwa chini ya taulo lile lile. Vina alifungua seva bila wasiwasi wowote, akakuta nakala ya mwisho ni ya miezi saba nyuma. Picha arobaini hazikuwepo. Alitembea hadi kwa Isidra.

"Mama Isidra, nilisaini kwamba zipo."

"Kula kwanza," alisema Isidra, akimsogezea wali na majani ya magimbi ya tui.

"Mama, hujanisikia. Zimepotea!"

"Nimekusikia. Na bado hujala."

Isidra alizichora upya zote arobaini, vidole vimevimba, na hakumlaumu hata siku moja. Hilo ndilo lililomuuma Vina zaidi. Afadhali angetukanwa.

Baada ya hapo alimwandikia meneja wake, Ferdie Lacsamana, mara tatu, akiomba saa ya nakala ihamishwe iwe saa sita mchana, watu wakiwa wanakula na laptopu ziko kwenye umeme. Ferdie alikataa mara tatu. Vina akapita nyumba kwa nyumba kuwasihi watu waziache zikiwaka usiku.

"Baba yako mwenyewe ndiye aliyetuambia," walimjibu. "Leo tumsikilize nani?"

Oktoba ilipofika, karatasi ya kusaini ililetwa tena. Vina aliirudisha tupu. Kesho yake akapokea barua ya kumtaka ajieleze kwa nini asifukuzwe kazi. Aliogopa, tena sana, maana ana binti chuoni na hana mume wa kusaidiana naye. Jibu lake lilikuwa la mstari mmoja: *Sisaini uongo mara ya pili.*

Ferdie akaamua kumfanya mfano mbele ya wote. Katika mkutano wa video wa mwezi, nyuso thelathini na moja zikiwa kwenye skrini, aliisoma barua ile kwa sauti.

"Dada Vina, ripoti yote ni ya kijani. Wewe tatizo lako nini hasa?"

"Chagua mashine yoyote, bosi. Tutafute faili la wiki iliyopita. Likipatikana, nasaini sasa hivi na kazi naacha."

"Yoyote?" Ferdie alicheka. "Basi yangu. Mimi si mtu wa mataulo."

Vina alifungua seva mbele yao na kutafuta jina lake. "Nakala yako ya mwisho ni ya tarehe tisa Machi."

"Haiwezekani."

"Soma mwenyewe. Usiku unaiweka wapi laptopu yako?"

Ferdie amekulia Labo, mwendo mfupi kutoka Daet, na televisheni ya mama yake ilitengenezwa na Badong.

"Huwa naipumzisha kidogo," alikiri.

"Kwa taulo au kwa foronya, bosi?" aliuliza Isidra. Vicheko vilichukua dakika nzima kuisha.

Ferdie alijifuta uso. "Sawa, hamisha iwe saa sita mchana. Lakini mteja anataka karatasi leo. Isaini tu, kufikia kesho zote zitakuwa zimekamilika."

Kumbe mtu anaweza kuumbuka na bado asijifunze! Vina alichukua nakala ya karatasi ile aliyobaki nayo, akalikata neno *zote*, akaandika juu yake kwa kalamu: *nne kati ya thelathini na mbili*, hesabu ya seva, ya Ferdie ikiwemo. Chini akasaini jina lake kamili, kisha akaiinua mbele ya kamera.

"Tuma hii."

"Vina, watatuvunjia mkataba!"

"Tuma hii, au tafuta mwingine wa kusaini ile."

"Na huyo mwingine asije kwangu," alisema Isidra. Mmoja baada ya mwingine wakaitikia kwamba hata kwao asije.

Ferdie aliituma. Mteja alijibu kwa kuuliza zilizobaki zitakamilika lini, na Vina akaandika Ijumaa. Barua ya kufukuzwa haikuja, wala ya kuombwa radhi. Kesho yake saa sita mchana, sahani za wali zikiwa mezani, chaja zilichomekwa Daet nzima, na majina yakaanza kuingia kwenye seva. La Isidra lilipopita, picha zake arobaini zikiwemo, Vina alilia waziwazi na hakujificha.

Jioni baba yake alimkuta mezani, laptopu yake mwenyewe imefungwa na ina joto.

"Mnazitumikisha wakati wa kula," alilalamika Badong. "Zitaugua hizo."

"Ziugue, baba," alisema Vina. "Nakala ninazo."