Pima Moja Zaidi

Nilipoajiriwa ualimu, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, jambo la kwanza nililotaka ni kumchimbia mama kisima uani. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa imeharibika, na kila asubuhi alikwenda kuteka maji kisima cha msikitini, akarudi na ndoo kichwani, akisimama mara tatu njiani na kujifanya anaamkiana na watu. Nyumba yetu ilikuwa Gazi, karibu na mikoko.

Fundi niliyemwita alikuwa mzee aliyechimba visima kuanzia Msambweni hadi Diani. Alifanya kazi kwa sururu, mtaimbo na ulimi. Kila alipofika penye unyevu alichovya kidole, akaonja, akatema, akashika tena sururu. Siku ya sita maji yalitoka, matamu, yakamfika vifundoni. Akaniita kutoka shimoni.

“Mwalimu, tukomee hapa.”

Nikamwambia hapana. Maji ya vifundoni yatakauka kiangazi kikija, na mama atarudi kule kule msikitini. Nikachora chini kwa kijiti: hapa maji ya masika, hapa maji ya kiangazi, basi lazima tushuke pima moja zaidi. Mzee akapanda juu, akautazama mchoro wangu kwa heshima zote.

“Hesabu yako haina kasoro,” alisema. “Ila moyo wangu wakataa.”

“Wakataa kwa sababu gani, mzee wangu?”

“Wakataa tu.”

Hadi leo jawabu lile linanipandisha mori. Mtu mzima, kichwa kizima mvi, visima alivyochimba havihesabiki, na sababu hana! Mimi kutwa nzima nilikuwa nikiwafundisha watoto wa watu kuuliza kwa nini. Tulikuwa tukiambiwa kwamba nchi mpya haitajengwa kwa kubahatisha. Ningemwambia nini mama? Kwamba kisima chake kimekomea njiani kwa kuwa fundi hakujisikia vizuri? Mama mwenyewe alikuwa pale pale uani, juu ya mbuzi, akikuna nazi. Alisikia kila neno na hakutia lake. Nikashikilia langu. Mzee akasema, “Haya, kisima ni chako,” akashuka.

Tukapata maji ya kifuani. Mama ndiye aliyepewa ya kwanza, kwenye kata. Akapiga bismillahi, akanywa, akaniombea dua ndefu mpaka nikaona haya. Mwezi haukuisha, chai ikaanza kuwa na ladha nisiyoielewa. Kisha wali. Kisha hata kusukutua kukawa taabu. Nikamrudisha mzee, akaijaza ile pima kwa mawe na mchanga, lakini chumvi haikutoka.

Methali ya asiyesikia la mkuu nilirushiwa na kila mpita njia mpaka nikaichukia. Mkuu mwenyewe alisema lipi, nikakataa kulisikia? Miaka mingi baadaye bwana mmoja wa mambo ya maji alinieleza kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa: huku kwetu pwani maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi, kama mafuta juu ya mchuzi, na ukizidisha kuchimba unayafikia ya chini. Kumbe sababu ilikuwepo! Mzee alikuwa nayo ulimini miaka yote ile, hana maneno ya kuisemea, nami sikuwa na subira ya kumwuliza mara ya pili kwa njia nyingine. Sijui nimkasirikie nani. Mara nyingi najikasirikia mwenyewe, kisha namrudia yeye.

Lakini lililoniuma kuliko yote lilitokea wiki ile ile tuliyokata tamaa na kisima. Nilimkuta mama mlangoni na ndoo tupu mkononi, anakwenda msikitini. Kwa hasira ambazo hazikumstahili, nikamwuliza yeye alionaje siku ile nilipobishana na fundi.

“Hata mimi moyo ulinishtuka,” alisema.

“Sasa mbona hukunambia, mama?”

“Ungeniuliza sababu, mwanangu.”

Akashika mwimo wa mlango, akatanguliza mguu ule mzima, akashika njia.