Mbaazi Ndani ya Kofia ya Mbaé

Saa kumi na mbili asubuhi, bandari ya Moroni, wanaume tisa wamesimama duara, ngumi zimekunjwa. Hawapigani. Ndani ya kila ngumi mna mbaazi moja kavu, nyeupe au nyeusi, na hakuna aliyeiona.

"Atakayechungulia leo hapakui hata gunia moja!" anafoka Mbaé, mnyapara wao, kofia yake ya darizi mkononi, tupu.

Meli ya mchele imeleta kazi ya watu watatu tu, kwa hiyo kofiani zilitiwa nyeupe tatu na nyeusi sita. Nyeupe ni kazi. Nyeusi ni kurudi mtaani Magoudjou mikono mitupu na kumtazama mkeo usoni. Mbaé naye huchota. Unyapara haumpi mlo.

Tangu wenzao walipokimbia mauaji ya Majunga, kule Madagaska, na kurejea nyumbani, watu wamezidi magunia. Na kwa desturi ya kisiwa hiki cha Ngazidja, aliyekwisha kufanya anda, ile ndoa kuu, hutangulia katika kila jambo. Basi Mzee Moindjié ndiye aliyekuwa akichota wa kwanza, na Inzoudine, mrejea wa Majunga mwenye watoto wanne, wa mwisho. Kila mmoja akifungua kiganja papo hapo.

"Wakubwa wanakula nyama, sisi mifupa," alilalamika Inzoudine. "Serikali imeshaifuta anda, mbona kofia haijasikia?"

Mbaé akamtanguliza siku moja. Akatoa nyeusi!

"Kofia imerogwa!" akapiga kelele, na wenzake wa Majunga wakatishia kuwafukuza wengine gatini.

"Astaghfirullah, nusura ngumi zirushwe," anakumbuka Mbaé, kwa Kiswahili alichokiokota Unguja. "Nikamwambia, bwana wee, kukosa mara moja si ushahidi. Hata kupata mara moja si ushahidi."

Wapi! Hakusikilizwa. Ndipo akakumbuka miaka yake Mutsamudu, kisiwani Nzwani, ambako mpakuzi mwenzake, Chanfi, hakuruhusu mtu kufungua kiganja kabla kofia haijaisha.

"Ukifungua mapema, wa kwanza akipata, wa mwisho ananuna. Wa kwanza akikosa, wa mwisho anachekelea. Yote hutokea, na yanafidiana," anaeleza. "Sasa ngumi zikiwa zimefumbwa, niambie wewe: mbaazi yako inajua nani alitangulia? Nyeupe tatu, watu tisa. Kila mtu ana fungu moja katika matatu, awe mzee, awe wa Majunga."

Moindjié bado huchota wa kwanza. Inzoudine bado ni wa mwisho, na hana neno tena.

"Heshima namwachia mzee," anasema akicheka. "Haipunguzi bahati yangu."

"Fumbua!" anaamuru Mbaé.

Moindjié ana nyeupe. Inzoudine ana nyeupe; "Alhamdulillahi!" na keshavua shati. Mbaé anafumbua kiganja chake taratibu. Nyeusi.

"Inauma, nisikudanganye," anasema. "Nyumbani wananisubiri. Lakini hakuna aliyenionea."

Haendi nyumbani, hata hivyo. Meli hutia nanga mbali na gati, na bandari ina tishari moja tu zima la kuletea magunia; anaelekea kwenye tishari bovu lililolala ufukweni, ambalo yeye na waliokosa kazi wameanza kulitia mbao mpya. Likielea, meli itapakuliwa na watu sita badala ya watatu. Na baada ya hilo, anasema, wataomba bovu jingine la kutengeneza.

"Siku mbaazi nyeupe zitakapowatosha watu wote," anasema Mbaé, akizichambua mbaazi kiganjani, "nitazipika hizi kwa nazi, tule sote. Na kofia yangu irudi kichwani."