Mama Trei Atafuta Shokapu Zisizovunja Mayai

Saa mbili na robo asubuhi, Mama Trei yuko nyuma ya pikapu yake kwenye gereji isiyo na paa. Anakusanya gauni kwa mkono mmoja, anapanda juu ya bampa, kisha anajibwaga kwa uzito wake wote. Gari halibonyei. Anajibwaga tena. Wapi!

"Umeona?" anamwambia fundi. "Mimi na kilo zangu hizi nilizojaliwa, gari limenikaushia. Sasa yai litafanya nini?"

Fundi ni mwanamume wa makamo anayeitwa Taratibu, kwa kuwa hajazaliwa mteja wa kumharakisha. Anafuta mikono kwa kitambaa kilicho kichafu kuliko mikono yenyewe. Mbele yake, juu ya gunia, zimelala shokapu mbili zilizotumika, zina vumbi la mawe.

Shokapu ni ile mitungi myembamba inayofungwa karibu na magurudumu, ili gari likipita kwenye shimo lisiendelee kurukaruka. Wengi wetu hatujawahi kuzitazama. Mama Trei wiki hii hatazami kitu kingine.

Ni Alhamisi. Keshokutwa anatakiwa kupeleka trei sitini za mayai kwa mwoka mikate, mteja wake mkubwa kuliko wote, na ameambiwa bila kuzungushwa: yakifika na nyufa tena, Jumatatu asijisumbue kuja. Kuna kijana mwenye gari jipya amekwisha kuulizia nafasi hiyo.

Mama Trei ana miaka hamsini na mitatu, na kumi na saba kati ya hiyo ameitumia kubeba mayai. Mwenyewe hafugi hata kuku mmoja. "Kuku wananichosha, wana maneno mengi," anasema. Wafugaji ni wanawake kumi na mmoja wa mtaa mmoja ulio mwisho wa barabara ya vumbi, kila mmoja na banda lake nyuma ya nyumba. Yeye hukusanya, hupanga, hupeleka mjini.

Kila safari hubeba trei tisini. Sitini ni za mwoka mikate, thelathini hugawanywa madukani. "Kila trei kumi, moja ndiyo yangu baada ya mafuta," anaeleza. "Hiyo moja ndiyo tairi, ndiyo ada ya mtoto wa mwisho, ndiyo chumvi. Mwoka mikate akiniacha, mimi nitajua la kufanya. Lakini wale kumi na mmoja watamuuzia nani? Watabaki wanatazamana na kuku."

Pikapu yenyewe ina miaka ishirini na sita. Mlango wa abiria hufunguka kwa nje tu, na mshale wa mafuta ulikufa zamani ukionyesha tenki limejaa, uongo mtupu. Injini, anaapa, haijawahi kumlaza njiani. Ila mwezi uliopita shokapu za nyuma zilianza kuvuja mafuta, gari likawa likivuka shimo moja linacheza mpaka la pili. Mayai yakaanza kufika na nyufa.

Nyufa zenyewe ni nyembamba, jicho halizioni. Watu wa biashara hii hushika mayai mawili, moja kila mkono, wakayagonganisha polepole karibu na sikio. Zima hutoa mlio mkavu. Lenye ufa hulia kama kikombe kilichopasuka. Mwoka mikate huvumilia yai moja lenye ufa kwa kila trei tatu, yaani mayai ishirini kwa mzigo wake wote. Mama Trei alikuwa anampelekea hamsini na mawili.

Cha kuvunda hakina ubani. Akaenda kununua nyingine.

Dukani, muuza spea alimpangia jozi tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa imetumika, ikapakwa rangi nyeusi ikang'aa kama viatu vya arusi. Hiyo hakuigusa. Ya pili ilikuwa mpya, ya kawaida, aina ileile gari liliyotoka nayo kiwandani. Ya tatu ilikuwa nene kama mkono wa mvunja mawe, na bei yake ilikaribia mara mbili ya ile ya kawaida.

"Mama, gari la mzigo linataka shokapu ya mzigo," muuza spea alimwambia. "Hii hata ukibeba tofali, haitikisiki."

"Nikajiambia, rahisi ni ghali," anakumbuka Mama Trei. "Nikachukua nene. Nilitoka pale nimevimba kichwa, nasema sasa mayai yangu yamepata ulinzi."

Gerejini kila dereva aliyezitazama alizisifu. Mmoja alizipiga teke, akasema hapo mama umenunua kitu. Ni Taratibu peke yake aliyeuliza, "Trei tisini zina kilo ngapi?" Akaambiwa afunge, asiulize maswali ya shuleni. Akafunga.

Safari ya kwanza, mwoka mikate alihesabu mayai yenye nyufa mia moja na manne.

Hapo Mama Trei alichanganyikiwa, na hafichi. Alilaumu trei. Alilaumu barabara. Mwisho akawalaumu kuku, akamfuata mmoja wa wafugaji wake hadi bandani na kumwambia kuku wake wanataga makaratasi.

"Alininunia siku tatu, na alikuwa na haki," anasema, na sauti inashuka. "Nilimkosea yule mwanamke. Kuku wake hawakuwa na kosa. Kosa nilikuwa nimelifunga mimi chini ya gari, tena kwa bei ya juu."

Nyumbani mayai yenye nyufa yaliliwa asubuhi, mchana na jioni. Mumewe, mwalimu mstaafu, alitangaza kwamba akiona yai jingine sahanini atawika.

Jibu lilikuja Jumanne iliyopita, bila kutafutwa. Alirudi kutoka mjini na trei kumi na nane za mayai mazima, aliyokwisha kuyachambua kulekule kwa ajili ya duka moja akalikuta limefungwa. Njiani akapakia magunia sita ya chakula cha kuku kwa ajili ya wafugaji. Barabara ileile, mashimo yaleyale. Alipofika akaanza kugonganisha mayai, moyo mkononi.

"Trei ya kwanza, hamna. Ya tano, hamna. Nimemaliza zote kumi na nane, yai hata moja halina ufa. Nikakaa juu ya gunia, nikacheka peke yangu. Jirani akadhani nimepata habari ya msiba, maana nilikuwa nacheka na machozi yananitoka."

Magunia sita ni kilo mia tatu. Shokapu nene zilipoona mzigo zikatulia. Kumbe hazikuwa mbovu, zilikuwa zinangoja kazi. Trei tisini za mayai hazifiki hata kilo mia na sabini, na kwa gari lililotayarishwa kubeba tofali hiyo ni sawa na kubeba shuka. Kila shimo lilipanda moja kwa moja hadi kwenye ganda.

Mumewe alishauri abebe mchanga siku zote, gari liwe zito. "Mwalimu wa hesabu huyo!" anashangaa Mama Trei. "Nichome mafuta kutembeza mchanga? Na trei nipange wapi, kichwani?"

Akarudi dukani kuomba abadilishiwe. Muuza spea alizitazama, akatikisa kichwa. "Mama, spea ikishafungwa imeolewa."

"Basi mimi nimekuja kuomba talaka," alimjibu. Hakupewa.

Jana, Jumatano, ndipo Taratibu aliposema alichokuwa amekishikilia. Ana mteja mwingine mwenye pikapu kama hiyohiyo, anabeba mawe na kokoto, na jina lake ni Kokoto. Miezi minne iliyopita Kokoto alinunua shokapu za kawaida, zile Mama Trei alizozipuuza. Akipakia mawe, gari lake hukaa chini kama kuku anayeatamia. Kila mmoja amenunua haki ya mwenzake.

Ndiyo maana asubuhi hii Kokoto amekuja gerejini na gari tupu ili wabadilishane, shokapu zake zimefunguliwa, na Mama Trei amechuchumaa mbele ya gunia. Mara hii hadanganywi na unene wala na rangi.

Taratibu anamwonyesha. Kwanza anaifuta shokapu na kutafuta dalili ya mafuta. Kisha anaisimamisha wima, anaukandamiza ule mti wake wa chuma unaoingia na kutoka, hadi mwisho, anauachia. Unatakiwa kurudi polepole, mwendo mmoja, bila kukwama wala kuruka. Mama Trei anarudia mwenyewe mara tano, midomo inahesabu. Ya kwanza inarudi vizuri. Anakamata ya pili, kidole kinaloa.

"Hii inavuja!"

"Ni maji hayo, mama," anasema Kokoto, amekunja uso. "Nimeosha gari kwa heshima yako."

"Maji hukauka. Mafuta hayakauki. Tungoje."

"Mchagua jembe si mkulima, mama."

"Aliyesema hivyo hakubeba mayai."

Wanangoja. Shokapu inaanikwa juani, watu wazima watatu wameisimamia kama mgonjwa. Baada ya robo saa Mama Trei anapitisha kidole, anakinusa, anakisugua kwenye gauni. Pakavu. Anamwomba Kokoto radhi, naye anapokea kwa kucheka.

Kwa kuwa za Mama Trei ni mpya zaidi, wanakubaliana kwamba Kokoto ataongeza safari moja ya kokoto bure, afukie shimo baya kuliko yote kwenye mtaa wa wafugaji.

Zikishafungwa, Mama Trei anapanda tena kwenye bampa na kujibwaga. Gari linazama kidogo, linapanda, linatulia. Anashuka, anatoa kwenye kiti trei moja ya mayai aliyokuja nayo, anayagonganisha yote thelathini mbele ya mashahidi, kisha anaiweka mwisho kabisa wa bodi, mahali panaporuka zaidi. Anaendesha hadi kwenye matuta, anapita mashimo ya nyuma ya gereji, anarudi. Anagonganisha tena. Ishirini na tisa ni mazima. La thelathini amelipasua mwenyewe kwa wasiwasi.

"Hilo usilihesabu," anamwambia Taratibu.

"Mimi siulizi hesabu tena," anajibu fundi.

Jumamosi, saa tatu kamili, pikapu inarudi kinyumenyume hadi mlango wa duka la mikate. Mwoka mikate, mtu mnene mwenye unga hadi kwenye nyusi, hasalimii sana. Anachagua trei kumi, nyingine za juu, nyingine za chini kabisa, anaanza kugonganisha. Mayai mia tatu. Mama Trei amesimama pembeni, anategea sikio kila mlio.

Anapomaliza, pembeni ameweka mayai mawili.

"Mawili," anasema mwoka mikate. "Katika mia tatu." Anakuna kichwa, unga unadondoka. Hafurahi kama mtu angetegemea. Anakiri kwamba jana jioni alikwisha kumpigia simu yule kijana mwenye gari jipya, akamwambia aje Jumatatu.

"Na sasa?" anauliza Mama Trei.

"Sasa mpigie wewe, mwambie asije. Mimi naona haya."

Mama Trei anacheka mpaka anashika ukuta. Kisha anaichukua simu. Anajitambulisha, anaeleza kwamba nafasi haipo tena, anaomba radhi kwa niaba ya mtu mzima anayejificha nyuma ya magunia ya unga. Kijana analalamika, sauti inasikika hadi nje. Amekwisha kujiandaa. Amefunga mpaka shokapu mpya, za mzigo mzito, zile nene.

Mama Trei anaigeukia pikapu yake mlangoni. Mwoka mikate anamtazama.

"Mwanangu," anamwambia kijana, "usipakie yai hata moja. Jumatatu asubuhi njoo gerejini kwa Taratibu, nitakuwepo. Na gari lako ulilete tupu."

Alipoulizwa kwa nini anamsaidia mtu aliyetaka mkate wake, alisema kuna wanawake wanne zaidi wanaomwomba awachukulie mayai, na kwa miaka miwili amekuwa akiwakatalia kwa kuwa gari lake haliwezi safari nyingine. Kijana akikubali, atawachukua hao wanne, na mayai yao atayapeleka madukani upande wa pili wa mji. Ndiyo mpango wake wa mwaka huu, na anataka uanze kabla mvua haijaiharibu barabara.

Anafunga bodi la pikapu, anajaribu komeo mara mbili.

"Mayai mia moja na manne nimekwisha kuyavunja mimi," anasema. "Si lazima kila mtu avunje ya kwake ndipo ajue."