Mtani Wangu, Nyuma ya Duka la Dawa

Mume wangu alipofariki, watu wa Ilembo, mtaani kwetu hapa Mpanda, walinisifu kwamba nimejikaza. Sikulia msibani, na baada ya siku chache nikarudi kufundisha. Ila nyumbani nilikuwa nafoka. Kikombe kikianguka nafoka, mlango ukibamizwa nafoka. Siku moja nikamkuta binti yangu wa miaka kumi na moja anapanga nguo kwenye begi. Akasema likizo ikifika anakwenda kuishi kwa bibi yake, kijijini Sibwesa, na harudi. Niliogopa sana.

Nikaanza kutafuta mshauri nasaha. Mpanda ni manispaa, lakini ukiwa na jambo la kuficha inageuka kijiji. Wa kwanza nilimkuta ni mwenzangu wa kwaya. Nikadanganya nimekuja kupima presha. Wa pili alianza kunihimiza nisamehe kabla hajajua nani kanikosea. Nilimuaga kwa adabu, nikatoka nimenuna.

Wa tatu alikuwa mama mtu mzima, chumba chake nyuma ya duka la dawa. Aliposikia mimi ni Mfipa, akavuta kiti chake nyuma.

"Radi umeiacha nyumbani, au iko kwenye mkoba?"

Wafipa tunataniwa kwamba tunawatumia watu radi. Kumbe Mnyamwezi, mtani wangu! Sikumchelewesha. "Nyie si wapagazi tangu enzi za mababu? Ndiyo maana mpaka leo mnabeba mizigo ya watu."

Basi tukaendelea hivyo, tukacheka mpaka muuza dawa akaja kuchungulia. Saa nzima ikaisha sijamtaja mume wangu hata mara moja. Nikainuka nina furaha, najiona nimepona.

Akanishika mkono. "Mtani, kwenye msiba wenu nani anachekesha watu?"

"Nyie."

"Na mfiwa anafanya nini?"

Nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

"Analia. Leo umenichekesha mimi saa nzima. Hiyo kazi ni yangu, nirudishie. Keshokutwa uje ufanye ya kwako."

Keshokutwa yake nilikaa kwenye kiti kilekile, nikalia mpaka kitenge kikalowa. Hakuniambia nijikaze. Nikawa nakwenda kila wiki. Nikiingia ananitania kidogo, kisha ananyamaza, nami najua zamu yangu imefika. Nilianza kuipenda siku hiyo ya wiki.

Likizo ilipokaribia, binti yangu aliangusha sufuria ya maharage yaliyokwisha kuiva. Akajibanza ukutani, ananitazama. Hasira zilinipanda, sikatai. Halafu nikamkumbuka baba yake, naye hakuwahi kuepua sufuria bila kumwaga. Nikamwambia hivyo, na machozi yakanitoka mbele yake kwa mara ya kwanza.

"Pole, mama," akasema, akaja kukaa karibu yangu, naye akalia. Baadaye tukala ugali kwa chumvi na pilipili, tukicheka.

Siku ya kwanza ya likizo nilikuta nguo zake zimerudi kabatini. Begi alikuwa amelitundika juu kwenye ukuta wa stoo, ndani ameweka mbegu zetu za mahindi, panya wasizifikie.