Soksi Tano Zilivyonitia Jikoni

Jamani, kuna soksi zimenioshesha sahani jioni saba kati ya kumi. Msicheke kwanza.

Kazi yangu ni udobi. Naishi kwa dada, na mumewe ni mwalimu wa hesabu. Mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi nilishaufeli mara mbili, mara zote nikiangushwa na maswali ya uwezekano. Safari hii ndiyo ilikuwa ya mwisho kuruhusiwa. Nikikosa, maisha yangu ni pasi na povu.

Shemeji akaja na mfuko. Soksi nyeusi tatu, nyeupe mbili.

"Toa mbili bila kuchungulia. Zikiwa rangi moja, naosha mimi. Zikitofautiana, unaosha wewe."

Nikapiga hesabu fasta. Nyeusi zote, tisa juu ya ishirini na tano. Nyeupe zote, nne juu ya ishirini na tano. Jumla kumi na tatu, zaidi ya nusu.

"Tucheze kila jioni," nikajitia kidomodomo.

Jioni ya kumi vidole vimekunjamana, nikamwonyesha hesabu zangu, nikamwambia ananiibia.

"Shemeji, soksi ya kwanza ukishaitoa iko wapi?" akaniuliza.

"Mkononi."

"Mbona kwenye hesabu zako bado iko mfukoni? Zimebaki nne."

Nilijiona bwege. Kumbe nafasi yangu ilikuwa nne juu ya kumi tu.

Siku ya mtihani, swali la kumi na tisa: mfuko, shanga nyekundu tatu, nyeupe mbili. Zinatolewa mbili, moja moja. Uwezekano zote ziwe nyekundu?

Nikacheka kimoyomoyo. Kalamu tayari inapunguza tano kuwa nne.

Halafu udobi ukanishika mkono. Kwetu nguo haiingii majini kabla hujasoma lebo. Nilishawahi kurudisha sweta la mzee likimtosha mjukuu wake.

Nikasoma tena. Katikati pale: "ya kwanza inarudishwa mfukoni."

Nikaandika tisa juu ya ishirini na tano.

Nimefaulu. Nililia mbele ya mteja.

Jioni hiyo nikampa shemeji swali lilelile kwenye karatasi. "Ukikosea, sahani ni zako mpaka niende chuo."

Hata hakulimaliza. "Tatu juu ya kumi. Si nimekufundisha mimi?"

"Soma tena, mwalimu."

Akasoma. Dada akamkabidhi sponji.

Usikariri jibu la swali la jana, ndugu yangu. Soma lebo kwanza. Naandika haya nimekaa kwenye kochi, na huko jikoni sahani zinagongana.