Chuma Kilichochelewa

Mashine ile niliichukia, na sioni haya kusema. Bwana yangu ndiye aliyekuwa fundi wake, pale kwenye kiwanda kidogo cha kukoboa mpunga, ukitoka Kasongo kushika njia ya Kabambare. Ilikuwa mali ya muzungu mmoja mfanyabiashara, na ilifika kwetu ikiwa imekwisha kuzeekea kwa wengine. Kila msimu ilidai kitu. Chekeche lilipoharibika, bwana yangu alikata bati la pipa, akalitoboa kwa msumari, tundu moja moja. Mkanda ulipokatika, alishona mwingine wa ngozi ya nyati. Bolti alizing'oa kwenye malori yaliyokufa. Akirudi nyumbani ananuka mazutu, yale mafuta ya injini, na hata akinishika mkono, namna alivyopapasa, ungedhani ananitafuta panapolegea!

"Wewe na bibi yako wa chuma," nilikuwa nikimwambia, naye anacheka tu.

Mpunga wangu sikuupeleka kule hata siku moja. Nilikuwa na kinu cha marehemu mama, nilichokuja nacho kutoka Wamaza siku ya kuolewa. Mama alitwangia ngazi za kukamulia mawese humo maisha yake yote, mti ukanywa mafuta mpaka ukawa mweusi, ndiyo maana wali wangu haukukosa wekundu kidogo wa mawese. Majirani walinicheka. Wacheke! Kwangu wali usio na wekundu ule haukuwa wali.

Mwaka wa mimba yangu ya kwanza, mpunga ukikaribia kuvunwa, kikavunjika kile chuma kinachoshika mhimili wa mashine ili uzunguke bila kuyumba. Muzungu akaagiza kingine Ulaya, kije kwa meli, kwa treni mpaka Kindu, halafu kwa lori. Nani angekingoja? Akamwambia bwana yangu wazi kwamba mavuno yakifika na mashine imelala, kiwanda kinafungwa, naye atapelekwa kwenye mgodi wa dhahabu, Salamabila, akalale kambi ya wanaume watupu. Mimi na tumbo langu nirudi Wamaza kwa kaka yangu. Nikaogopa, jamani. Sikujua kama nampenda kiasi kile.

Bwana yangu akapanda baiskeli akaenda kutafuta. Salamabila, kwenye gereji ya mgodi, vyuma vyote vikubwa mno. Akapitia Lusangi, hola. Akarudi miguu imevimba, akachonga kipande cha mti mgumu wa porini, akakiweka mahali pa chuma. Kikafuka moshi, kikapasuka.

"Inataka muti mukavu, wa miaka mingi," alisema, "tena wenye kushiba mafuta mpaka ndani."

Tangu hapo nikitwanga, anakaa mlangoni akiangalia. Si mimi. Kinu.

"Iko nini? Unaangalia nini?"

"Hakuna kitu."

"Sema!"

"Siwezi kusema, mama."

Nikaelewa, nikamrushia mchi. Bahati yake nilimkosa. Nyumbani kwetu kinu cha mama hakipasuliwi. Kikichakaa kinaachwa nyuma ya nyumba, kuku walalie. Nililia jioni ile mpaka sauti ikakauka, nikamtukana yeye, mashine, muzungu, na yule aliyeleta mbegu ya mpunga duniani. Lakini kila nikiinua macho niliuona ule mlango bila yeye.

Asubuhi nikakibiringisha kinu mwenyewe mpaka kiwandani, shoka begani.

"Pasua," nikamwambia. "Lakini mbele ya macho yangu."

Akashika shoka, akaliweka chini, akalishika tena. "Utanichukia."

"Nitakuchukia ukienda Salamabila. Pasua!"

Akapasua. Ndani mti ulikuwa mwekundu, unanuka ngazi, kana kwamba mama ameondoka pale sasa hivi. Akachonga vipande viwili, akavichemsha katika mawese, akavifunga kuuzunguka mhimili. Mashine ikaamka na kelele zake mbaya. Kila mara aligusa ule mti kwa vidole kuona kama unapata moto, nami nagusa baada yake. Haukuchoma. Tukacheka wawili sisi kama wendawazimu. Salamabila hakupelekwa.

Mimi sasa sina kinu. Nikapanga mstari kiwandani na kikapu changu kichwani kama wengine.

"Ee! Hata wewe leo?" wanawake wakanitania.

Wali ukatoka mweupe pee. Niliula nikilia, na mtoto anacheza tumboni.

Chuma kipya kilifika mtoto yule akiwa tayari anatembea. Muzungu akampa bwana yangu akifunge. Akakigeuzageuza mkononi, kinang'aa, kisha akakirudisha katika karatasi yake.

"Ile ya mama ingali inashika," akamwambia muzungu. "Hii tuiweke akiba."

Muzungu akakubali, naye akakileta nyumbani, akakiweka juu ya kabati.

Baadaye muzungu aliuza mashine. Watu wakaja na lori, wakaipakia na kuondoka nayo, vipande vya kinu vikiwa humo ndani, na mpaka leo sijui ilikwenda wapi. Bwana yangu naye ameshaondoka, tena mbali kuliko Salamabila. Chuma kiko palepale juu ya kabati, hakijawahi kushika mhimili wowote. Kila mpunga ukiiva, yeye alikuwa akikishusha na kukipaka mafuta kisipate kutu. Sasa nakipaka mimi. Wajukuu wananiuliza, na mashine yenyewe iko wapi? Nawaambia wanyamaze, waniletee kitambaa na mawese.